Dada Amekuja Kutazama Majani

Oktoba 14

Dada Kinue amepiga simu kutoka Perth. Anakuja nyumbani. Atafika wiki ijayo na kukaa mpaka majani mekundu yamalize kuanguka. Nilikuwa nimeinama juu ya pipa la achari, simu nikaishika na mikono imelowa siki, wala sikujali.

Dada hajakanyaga Kyoto tangu alipotoroka na baharia wake, na wakati ule mimi bado navaa sare ya shule. Baba alipokufa hakuja. Lakini sitaki kufukua ya zamani, kwa sababu safari hii anakuja wakati ule ule ninaomhitaji. Jicho langu la kushoto linakufa. Ni presha ya macho. Nimepangiwa upasuaji Novemba 19, nilazwe siku kumi, na nimeshaahirisha mara mbili kwa kukosa mtu wa kubaki na Mama. Miguu ya Mama haina nguvu tena, na akili inakwenda na kurudi. Niliwahi kumpeleka kituo cha wazee, akagoma kula hadi wakanipigia simu nikamchukue. Daktari ameniambia nisipofika safari hii, jicho hilo tulihesabu limekwenda, na la kulia litafuata njia hiyo hiyo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sikumtajia dada habari ya jicho, mambo kama hayo hayasemwi kwenye simu. Nilimwambia tu, "Dada, usijisumbue hata kidogo kwa ajili yetu. Sisi hatuna shida. Wewe njoo ustarehe." Mtu yeyote aliyezaliwa Kyoto anajua maana ya maneno hayo. Maana yake ni kwamba tumezidiwa, njoo haraka.

Oktoba 17

Nimefua matandiko ya wageni. Yamenyeshewa. Nimefua tena.

Oktoba 22

Amefika. Koti jekundu, nywele fupi kama za mvulana, na masanduku mawili makubwa ambayo dereva wa teksi aliyashusha huku anaguna. Mama alikuwa kwenye kiti chake dukani, pale anaposhinda kila siku katikati ya mapipa. Alimtazama Kinue, akainamisha kichwa.

"Karibu, mama. Leo biringani zimekolea vizuri."

"Mama, ni mimi," Kinue akasema.

"Ndiyo, ndiyo. Mfuko mmoja au miwili?"

Kinue akacheka. "Haya, nipe miwili." Akapokea mifuko yake ya achari ya biringani, akaikumbatia kifuani, na Mama akamshukuru kwa kuja dukani kwetu. Niliona macho ya dada yamelowa, lakini kicheko hakikukoma.

Jioni niliandaa meza kwa heshima zote. Nilitoa vyombo vya wageni, vile vya maua ya buluu ambavyo havijaguswa tangu kumbukumbu ya Baba. Kinue alinifuata jikoni, akafungua kabati, akasimama akitazama ndani. Nikamwambia, "Dada, mgeni hasimami jikoni. Nenda kaketi." Akaenda akaketi. Alikula kidogo, akasifu samaki. Nilingoja aniulize habari za afya yangu. Aliniuliza ni wapi panauzwa viatu vizuri.

Oktoba 23

Asubuhi nilimwambia, "Pole, dada, magodoro yetu membamba, mgongo utakuuma. Hoteli za karibu na stesheni zina vitanda vya kueleweka." Ni adabu tu. Anayeambiwa hivyo hujibu kwamba hakuna pazuri kama nyumbani, na mwenyeji husema basi, tuvumiliane. Kinue akaweka kikombe chini.

"Kweli, Sayo? Mimi nilikuwa naogopa kukuambia. Wenzangu wote wako huko."

Wenzake! Kumbe amekuja na kundi zima la wanawake wa Perth, lenye basi na ratiba. Kufika mchana teksi ikawa mlangoni. Masanduku yale yale, dereva mwingine. Mimi nikabaki nimeshika shuka.

Oktoba 26

Kinue amekwenda Nara kuwalisha paa biskuti.

Oktoba 29

Huja kila baada ya siku mbili tatu, wakati basi lao linapumzika. Ananusa mapipa, anambusu Mama kwenye paji la uso, jambo ambalo huku hatulifanyi, kisha anatusimulia alichokula. Samaki mkunga wa kuchoma. Tambi za baridi. Vitonge vya pweza vya Osaka, vya moto hata vikamuunguza ulimi. Sijapata kuona mtu mzima anayezungumzia chakula namna hiyo, akipanua mikono kuonyesha ukubwa wa bakuli. Na kila anapokuja analeta kisanduku. Keki zenye umbo la jani, peremende za chai kutoka Uji, sijui nini cha maharage. Nasema, "Jamani, dada, unajisumbua bure," yaani inatosha sasa. Anafurahi, na akija tena analeta viwili. Visanduku vimepandana mpaka vinakaribia picha ya Baba ukutani.

Jirani yetu Bi Hamano, wa duka la tofu, alinikuta nafagia mlangoni.

"Dada yako amejaliwa nguvu! Kila siku yuko njiani."

"Ndiyo, ana afya," nikajibu.

"Na lile koti. Mtu anamwona tangu ng'ambo ya mto."

"Anapenda rangi."

Tukainamiana, kila mmoja akaingia kwake. Tulikuwa tumemsengenya vibaya kabisa, na hakuna neno hata moja ambalo mtu angeweza kuja kutusuta nalo.

Novemba 2

Ukungu pembeni mwa jicho. Nimemwaga chai ya Mama.

Novemba 6

Figili nyeupe zimefika, zile kubwa za mviringo. Kuanzia leo hadi mwaka mpya hakuna kupumua: kumenya, kukata kwa randa vipande vyembamba hata uone kivuli cha mkono wako upande wa pili, kupanga pipani na mwani, chumvi na siki. Baba alikuwa akisema kipande kikiweza kusimama chenyewe, ni kinene. Na ndio msimu mji unapojaa watu wa majani, hata kuvuka barabara kwenda kununua chumvi ni safari.

Kinue alikuja na rafiki yake Maureen, mwanamke wa miraba minne, anayejua maneno matano ya lugha yetu na huyatumia yote kwa pamoja. Walipiga picha randa. Walipiga picha mikono yangu. Nikajikata kidole gumba mbele yao, maana upande wa kushoto siuoni tena ukingo wa kisu cha randa. Damu ikaingia kwenye figili, nikaitupa.

"Umeumia?" Kinue akauliza.

"Kidogo tu. Uzee."

"Wewe una bahati, Sayo. Kazi ya mikono yako, nyumba ya Baba, kila kitu mahali pake."

"Ndiyo, nina bahati," nikasema, na nikatia chumvi zaidi kuliko ilivyotakiwa.

Nikaona nimtajie hapo hapo. "Tarehe kumi na tisa nitakuwa na kijishughuli hospitali. Mambo ya macho. Lakini usijali."

"Kitu kikubwa?"

"Aa, kawaida tu."

"Afadhali. Maana siku hiyo ndiyo tunaondoka kwenda pwani ya kaskazini kula kaa. Siku nne! Wanasema mguu mmoja wa kaa wa huko unashibisha mtu."

Maureen akachezesha vidole kama kaa anayetaka kubana, na Mama akacheka mpaka akakohoa. Mimi simwelewi mtu huyu. Anaambiwa hospitali, anajibu kaa.

Novemba 9

Mvua na upepo. Shuka za Mama zimelowa mara mbili. Kinue yuko Arashiyama, amepanda boti.

Novemba 11

Nimejaribu tena. Nilimwambia, "Mama atakukosa sana ukienda huko kwenye kaa."

"Nitamletea."

"Kaa havumilii safari."

"Basi nitamletea wa kopo."

Bi Hamano alikuwa dukani akingoja achari yake. Akageuka akatazama ukuta, kwa kunionea huruma.

Novemba 12

Namchukia. Nimeliandika nione linavyokaa kwenye karatasi. Limekaa vizuri tu.

Novemba 14

Leo Kinue aling'ang'ania nitoke naye. Bi Hamano akabaki na Mama. Nikajiambia, leo namweleza, nikishaketi mezani, baada ya chai.

Tulikula mkunga juu ya wali kwenye meza ya dirishani. Alikuwa mtamu, siwezi kusema uongo, na kwa muda wa kumaliza bakuli moja tulikuwa dada wawili waliotoka kula. Alinipa kipande chake cha mwisho, kama alivyokuwa akifanya zamani. Hata nikaona vibaya kumharibia chakula kwa habari za hospitali. Nikasema nitamweleza tukiwa njiani.

Tukapanda ile barabara ya wauza vyombo inayokwenda hekaluni. Ilikuwa imefurika. Watu wa upande wangu wa kushoto walikuwa wananizukia ghafla, nikawa nashika mkono wa koti la dada kama mtoto. Hakuuliza kwa nini. Aliingia duka moja, mzee mwenye duka akatumiminia chai, na yeye akaanza kuchagua bakuli la wali. Alichagua kwa muda mrefu, akiyapima kwenye viganja. Mwishowe akashika moja dogo la kijivu.

"Hili nitaliacha kwenu," akasema. "Niwe nalitumia nikija."

Nikasema lile ambalo mtu husema. "Usijisumbue, dada. Vyombo vya wageni tunavyo vingi."

Aliliweka bakuli mezani polepole.

"Mgeni," akasema. "Sayo, unajua umeniita hivyo mara ngapi? Mgeni keti. Mgeni hasimami jikoni. Shuka za mgeni, kikombe cha mgeni. Siku ile ya kwanza nilifungua kabati kutafuta bakuli langu. Lile la sungura. Lako lipo. La Mama lipo. Hata la Baba lipo! Langu mmelipeleka wapi?"

Mzee mwenye duka akageukia rafu zake, akaanza kufuta vumbi ambalo halikuwepo.

Kwetu kila mtu ana bakuli lake la wali, na hakuna mwingine anayelitumia. Wawili tu ndio huvunjiwa bakuli kizingitini: bibi harusi anapotoka kwenda kwa mume, na maiti anapotolewa. Maana ni moja kwa wote wawili, usirudi hapa. Kinue hawezi kuwa amesahau hilo.

"Baba alilivunja," nikamwambia. "Asubuhi ile ile ulipoondoka."

"Kama la bibi harusi?"

"Hakusema."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Nilifagia."

Akalipa. Bakuli likafungwa kwa karatasi, akalitia kwenye mfuko wake mwenyewe, akasema anataka kutembea peke yake. Koti lake jekundu nikaliona kwa mbali kidogo, kisha umati ukalimeza. Nilikuwa nimetoka nyumbani kwa ajili ya maneno mawili tu, na nikarudi nayo mdomoni. Njiani niligonga bega la mtu, nikaomba radhi, nikainama, na nilipoinuka nikaona nimeomba radhi kwa nguzo ya umeme.

Jioni hii nimekaa na Mama nikiwaza. Nilikuwa nasema dada amesahau lugha ya kwao. Lakini mimi tangu alipofika nimemsemesha kama mgeni, na yeye ameitika kama mgeni. Wageni ndivyo walivyo, wanatazama majani, wanakula, wanaondoka. Hasira yangu haijapungua, ila sasa sijui niielekeze wapi.

Novemba 15

Hakuja.

Novemba 16

Hakuja. Bi Hamano ameniambia nyumba yetu siku hizi imetulia, raha kweli.

Novemba 17

Nimempigia simu hotelini. Maneno niliyafanyia mazoezi mbele ya kioo: dada, jicho langu linakufa, naomba ubaki na Mama. Mepesi, hata mtoto anaweza. Sauti yake iliposikika, mdomo wangu ukasema, "Dada, kama una nafasi, na kama haiharibu ratiba yenu, ile tarehe kumi na tisa... lakini ukishindwa si neno."

"Unataka nini, Sayo?"

"Si kwamba nataka."

"Sikiliza. Mimi nimesafisha vyumba vya hoteli tangu ujana wangu. Mtu akitaka taulo anapiga simu, anasema nataka taulo. Sijawahi kuambiwa, ewe Kinue, taulo zenu nzuri mno, lakini usijisumbue. Unataka nini?"

Nilisikia Maureen akicheka nyuma yake na watu wakiitana.

"Safari njema," nikasema, nikakata simu.

Nikamwambia Mama, "Afadhali nipofuke." Mama akanijibu kwa upole wote wa biashara, "Ahsante sana, karibu tena."

Novemba 18

Nimemaliza figili zilizobaki. Nimefunga begi langu la hospitali. Kisha nikafunga na la Mama: nepi, dawa za asubuhi, dawa za jioni, soksi nzito, kikombe cha meno. Nililifunga bila kujua nalipeleka wapi.

Novemba 19

Naandika kitandani, hospitali. Muuguzi amesema wataniita baada ya chakula cha mchana, ambacho mimi sitapewa.

Asubuhi nilimvisha Mama koti lake la zambarau na kumfunga mtandio. Nikaita teksi inayobeba kiti cha magurudumu. Dereva akauliza tunakwenda wapi, nikajisikia namtajia hoteli.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wanawake wa Perth walikuwa tayari na vikofia vyao, kiongozi wao ameinua kibendera cha njano, basi linanguruma nje. Kinue alikuwa karibu na mlango. Aliponiona nasukuma kiti, alitabasamu, akadhani nimekuja kumuaga.

"Nataka taulo," nikasema.

"Nini?"

"Jicho langu la kushoto linakufa. Leo napasuliwa. Nimeahirisha mara mbili, sina mtu. Nataka ukae na Mama siku kumi. Nasema ninachotaka, na ninataka ninachosema."

Nilisema kwa sauti, kwa sababu ya chini haikutoka. Mpokea wageni akainua kichwa. Mashavu yangu yaliwaka, maana nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kusema hivyo, hata Baba katika hasira zake zote.

"Sasa hivi?" Kinue akasema. "Mbele ya basi? Sayo, mwezi mzima nilikuwa hapa!"

"Mwezi mzima nilikuambia."

"Hukuniambia hata siku moja!"

"Nilikuambia kila siku."

Alishika kichwa. "Mimi nilikuja kuiona nchi yangu. Unanisikia? Sijawahi kuiona! Nilipokuwa msichana niliona figili. Asubuhi figili, jioni figili. Nikaenda ng'ambo, nikaona vyoo vya watu. Huu ndio mwezi wangu mmoja. Kaa, milima, bahari ya kaskazini, vyote nilikuwa navitazama kwenye kalenda."

Alikuwa analia, na kwa mara ya kwanza nilimwona vizuri, mwanamke mwenye vidole vilivyopinda kwa sabuni kama vyangu vilivyopinda kwa chumvi. Nilimhurumia. Lakini nilikuwa na jicho moja la kufikiria, na huruma ingekuja baadaye.

"Basi mpeleke naye akaione," nikamwambia. "Mama pia hajaiona."

Nikatundika begi kwenye kiti cha magurudumu, nikamwonyesha dawa za asubuhi na za jioni, nikageuka nikaondoka. Sikutazama nyuma. Nilimsikia Maureen akisema kwa Kiingereza ambacho hata mimi nilikielewa, "Mwacheni bibi aje, kiti kipo!" Na Mama akiwapokea wote, mmoja mmoja: karibu, karibu, leo tuna figili mpya.

Novemba 20

Nimefungwa jicho. Naandika herufi kubwa.

Novemba 22

Bi Hamano amekuja kuniona, na simu mkononi. Maureen amewatumia watu picha. Moja ni ya Mama kando ya bahari ya kaskazini, amevishwa kikofia cha kundi, anafyonza mguu wa kaa, kidevu chote kimelowa mchuzi, na anacheka hata fizi zinaonekana. Bi Hamano akasema, "Mama yako ana hamu nzuri ya kula." Maana yake nilimwacha na njaa.

Nimemlisha Mama uji laini tangu akili ianze kumtoka, kijiko kwa kijiko, nikiupoza kwa pumzi yangu. Kumbe alitaka kaa.

Novemba 24

Daktari amefurahi. Kilichobaki kitabaki. Kilichopotea hakirudi, nisitarajie. Nje majani yamekwisha karibu yote.

Novemba 26

Kinue amepiga simu. Tangu warudi kutoka kaskazini yuko nyumbani na Mama, wenzake wanaendelea na ratiba bila yeye. Amefungua duka! Amekata figili mwenyewe. "Vipande vyangu vinasimama," akasema, "lakini watu wa majani hawajui tofauti, wananunua tu." Nilitaka kumfokea nikacheka, jicho likauma.

Halafu nyuma yake nikasikia sauti ya Mama ikiita, "Sayo! Sayo!" Kinue akasema anakwenda, akakata simu haraka. Nimekaa na lile jina langu masikioni jioni nzima. Muuguzi amenikuta nalia, akanikataza, ati machozi si mazuri kwa kidonda. Nikamwambia haya ni ya furaha, mama yangu ananitafuta.

Novemba 28

Kesho natoka. Keshokutwa Kinue anapanda ndege.

Amekuja kuniona peke yake, bila kisanduku chochote. Amepungua. Mikono yake inanuka siki. Alivuta kiti akaketi upande wangu wa kulia, yaani amejifunza. Nikamuuliza lile nililokuwa nalo tangu juzi.

"Mama ananiulizia sana?"

"Hakuulizii," akasema. Ndivyo alivyo, hazungushi. "Kwa nini akuulizie? Ananiita mimi Sayo. Tangu mle ndani ya basi. Sayo nipe maji, Sayo funga mlango. Mwanzo nilikuwa namsahihisha, halafu nikachoka, nikawa naitika."

Nilitazama blanketi. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi, si kwa hilo.

"Lakini jana nilimshika mikono," Kinue akaendelea. "Nikamwambia, Mama, nitazame, mimi ni Kinue. Alinitazama vizuri. Akanipapasa mgongoni, unavyompapasa mtu mwenye msiba. Akasema, Sayo mwanangu, jikaze, dada yako tulishamzika zamani." Alijaribu kucheka. "Nikajiambia, ni uzee, anachanganya. Au sivyo? Nieleze wewe, Sayo. Nilipoondoka, Baba aliwaambia watu nini?"

Aliuliza waziwazi, akaniegemea kungoja jibu, na macho yake hayakutoka usoni kwangu. Nilikumbuka jinsi nilivyosimama ukumbini na kusema ninachotaka. Nilifungua mdomo. Nje ya dirisha kulikuwa na mti mmoja mtupu na jua la baridi.

"Chumba hiki kina mwanga mzuri," nikasema. "Hasa saa hizi."

Kinue aligeuka, akalitazama dirisha, mwanga ukamwangukia usoni, na nikaona kwamba amenielewa, kwa mara ya kwanza tangu arudi, bila kuniuliza mara ya pili.

"Ndiyo," akasema. "Ni mzuri sana."

Akasimama, akafunga vifungo vya koti lake jekundu.

"Acha niwahi," akasema. "Mama anamngoja Sayo."